Sufuria la Chama

Bajaji haijafika hata lami ya Mkuza, Badru wa chama kilichoshinda akaanza kumchokoza Bi Sikuzani, mwenyekiti wa tawi la walioshindwa.

“Dada, fungeni tu ofisi. Mmebaki na nini?”

“Masufuria ya kampeni. Tunawaazima watu misibani na harusini, hatuulizi kadi. Waliotukimbia wameanza kurudi vikaoni.”

Badru akacheka. “Wali haupigi kura, dada.”

“Sawa. Jumamosi unaoza binti. Pilau mnapikia nini?”

Dereva akakohoa kama kameza nzi. Sikuzani kichwa juu, raha tupu, utadhani ndo kaapishwa.

Bajaji ikasimama. Badru akashuka, akaganda hapo hapo.

“Lile kubwa lipo?”

“Lipo ofisini, kaka. Pale penye bendera yetu.”