Mama Karibu Akabidhi Funguo za Nyumba ya Wageni

Tarehe thelathini mwezi huu wa Septemba, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, msimamizi wa nyumba ya wageni ya misheni yetu anastaafu. Jina lake la ubatizo limo kwenye faili ofisini, na nadhani hata karani wa mishahara hulitafuta upya kila anapotaka kuliandika. Sisi wengine tunamwita Mama Karibu, na yeye mwenyewe akipiga hodi kwa watu hujitaja hivyo hivyo.

Kamati ya sherehe imenipa kazi hii kwa kuwa tumefanya kazi ukuta kwa ukuta, yeye nyumba ya wageni, mimi chumba cha uchapaji. Wameniomba niandike kitu cha kuchangamsha watu. Nitajaribu, ila wasinilaumu nikishindwa. Siku anayoondoka yeye ndiyo siku wadi yetu ya wazazi inafungwa, na mtu mwenye akili zake hawezi kuandika habari ya kwanza akajifanya hajaisikia ya pili.

Alianza kama mfuaji. Wakati huo nyumba ya wageni ilikuwa vyumba vitatu vyenye milango isiyofunga, na kanisa rafiki la ng'ambo ndiyo kwanza limeanza kututumia wajumbe. Ujumbe wa kwanza aliouandalia ulifika siku moja kabla ya tarehe. Ulimkuta juu ya ngazi, chokaa mpaka kwenye nyusi, akipaka ukuta wa sebule. Aliteremka, akatokea mlango wa nyuma, akaoga, akabadili nguo, kisha akaja mbele na sinia la vinywaji na kuwakaribisha kana kwamba ndiyo kwanza anawatia machoni. Jioni mgeni mmoja alimwomba amfikishie shukrani yule fundi wa rangi. Akamjibu kwamba zitafika. Haukupita muda, akakabidhiwa nyumba nzima.

Aliiongoza kwa mkono wa chuma. Viti vya sebule havikukaliwa na mfanyakazi yeyote, awe na cheo gani. Mhasibu wetu, mtu mzito kwa mwili na kwa madaraka, aliwahi kujisahau akakaa.  Mama Karibu alileta mkeka, akautandika sakafuni mbele ya miguu yake, akasimama kando akisubiri. Mhasibu alihama, na mpaka leo akipita pale hutembea pembeni.

Lakini kipaji chake hasa kilionekana siku ya ziara. Misheni ilikuwa na seti moja tu ya mapazia ya maana. Wageni walipoamka, mapazia yalikuwa kwenye madirisha yao. Walipoingia kanisani kwa ibada ya makaribisho, yalivuliwa na kupelekwa wadi ya wazazi. Walipotoka wadi kwenda kuona shule, yaliwatangulia kupitia nyuma ya bohari, na ofisi ya mwalimu mkuu ikang'ara. Magodoro mapya nayo yalikuwa na safari zao, kutoka bweni la wasichana hadi wadini na kurudi. Kwaya ilikuwa na amri moja: wasimalize wimbo mpaka wamwone Mama Karibu akipunga kitambaa kule mlangoni. Kuna mwaka mkokoteni wa magodoro ulipata pancha njiani, kwaya ikaimba wimbo ule ule mpaka mwalimu wa kwaya akakaukiwa sauti. Wageni walisema hawajapata kuona watu wenye ari ya kumsifu Mungu kama sisi.

Wadini siku za kawaida kina mama hulala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Siku ya ziara, wale waliokwisha pata nafuu walihamishiwa nyumba ya wauguzi ili kila kitanda kiwe na mtu mmoja. Bomba la wadi lilikufa zamani. Siku moja kabla ya ziara wafanyakazi walijipanga na ndoo, wakalijaza tangi la juu ya paa, na mgeni akifungua bomba maji yalitoka. Kiongozi wa ujumbe, mzee mmoja mrefu kupita kiasi ambaye amekuwa akija tangu ujana wake na ambaye sote tunamwita Bwana Twiga, alilifungua bomba lile kila safari, akatabasamu, akatoa kamera.

Msije mkadhani tulikuwa tunadanganya. Hakuna kati yetu aliyelipa jambo lile jina hilo. Mgeni akija unafagia, unatoa kilicho bora, unaficha kinachokutia aibu, basi. Hata mkunga mkuu, rafiki yake Mama Karibu wa kufa na kuzikana, alilichukulia kama mzaha. Alisimama katikati ya wadi iliyopambwa, mikono kiunoni, akamwambia, "Mwenzangu, leo wadi yangu imependeza kama ya harusi. Kesho ukishabeba vitu vyako, uje unisaidie kuwarudisha hawa wawili wawili." Wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwaka jana ilikuja ziara ambayo Mama Karibu aliiandaa vizuri kuliko zote. Hakukuwa na godoro lililochelewa. Kwenye ibada ya kuagana Bwana Twiga alisimama kutoa salamu, mchungaji kiongozi akiwa pembeni yake anatafsiri. Alisema kwa miaka mingi wametembea pamoja nasi na kwa macho yao wameona kila ziara tukipiga hatua: wadi safi, maji bombani, watu wenye furaha. Alisema kanisa lake linamshukuru Mungu kwamba sasa tumeweza kusimama kwa miguu yetu. Kwa hiyo misaada yao, baada ya mwaka mmoja wa kuagana, wataielekeza kwa jumuiya nyingine, katika nchi nyingine, ambayo bado haijafika pale tulipofika sisi.

Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu anayesoma matokeo mazuri ya mtihani wa mwanawe. Nasi tulikuwa na mazoea ya kupiga makofi kila mchungaji anapomaliza sentensi. Tukapiga. Sentensi ile pia tuliipigia makofi, na nyuma kabisa kuna waliopiga vigelegele, kabla maneno hayajatuingia. Kanisa rafiki ndilo lililokuwa likilipa mkunga na wahudumu wake, dawa, na mafuta ya jenereta. Makofi yalikatika safu kwa safu, kuanzia mbele. Baada ya ibada nilimkuta Mama Karibu sebuleni, amekaa kwenye kiti cha wageni. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Kesho yake asubuhi, Bwana Twiga hajanywa hata chai, Mama Karibu alimfuata chumbani akamshika mkono. Hakuwahi kumshika mgeni mkono ila kwa salamu. Alimvuta uwanjani, mchungaji akiwafuata nyuma huku akifunga vifungo vya shati. Mapazia yalikuwa yamekwisha rudi sandukuni na magodoro bwenini. Alimwingiza wadini, akamwacha aangalie: kina mama wawili wawili, mmoja sakafuni juu ya shuka lake, mkunga akinawa kwenye beseni. Alifungua bomba, likakoroma, halikutoa kitu. Alimwonyesha dari ilivyooza kwa mvua, maana hawa wageni wetu waliletwa kiangazi siku zote. Kisha akamweleza yote, mapazia, mkokoteni, kwaya, nyumba ya wauguzi, bila kumsingizia mtu na bila kujitetea.

Bwana Twiga aliuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia.

"Mlikuwa wageni wetu," alisema Mama Karibu.

Mchungaji hakutafsiri. Maneno hayo mzee alikuwa anayajua. Alikaa kwenye benchi la kliniki, magoti yakimfika kidevuni kwa ule urefu wake, akalia mbele ya watu. Mama Karibu alimletea maji ya kunywa.

Napenda isemwe kwamba Bwana Twiga si mtu mbaya. Aliporudi kwao alisimama mbele ya baraza lake akatuombea, na tunaamini aliomba kwa moyo. Lakini baraza lilikuwa limeshatoa ahadi kwa wale wengine, ambao shida yao ni ya kweli kama yetu. Na kanisa lile nalo limechoka. Alituambia mwenyewe kwa simu kwamba viti vyao vingi viko wazi siku ya ibada, na wanaokaa kwenye vilivyobaki ni watu wa umri wake. Ofisi ya afya ya wilaya ilikuja, ikaangalia, ikasema italifanyia kazi. Bado inalifanyia kazi.

Mama Karibu alijilaumu, na anajilaumu. Alimwambia mkunga kwamba wadi ile ameifunga yeye kwa ufagio wake. Amepungua mwili, na ule utani wake wa kututoa mbio sebuleni umekwisha. Siku hizi ukikaa kwenye kiti anakuuliza kama utakunywa chai. Nataka niliweke hili kwenye maandishi ili asiweze kubishana nalo: magodoro hayakuwa na miguu. Tuliyabeba sote, mchungaji akiwa upande wa kichwani. Yeye alikuwa hodari kuliko sisi, ndiyo tofauti pekee.

Tangu mwezi wa sita wadi haipokei mtu usiku, kwa sababu wahudumu wawili walishaondoka kutafuta kazi kwingine. Mwezi wa saba mama mmoja kutoka upande wa pili wa mto alifika, akakuta mlango umefungwa, akageuzwa kwenda hospitali ya mjini kwa pikipiki. Alijifungulia njiani na mtoto hakuishi. Habari zilipofika, Mama Karibu alifungua kabati la wageni, akatoa shuka jeupe kuliko yote, akaenda nalo kwa miguu hadi kwenye familia ile. Mtoto alizikwa ndani yake. Mhariri wa jarida hili ameniomba niiondoe aya hii, kwamba haifai kwa sherehe. Nimemwambia akiiondoa aondoe na jina langu.

Mengine mliyozoea kuyasoma kwenye wasifu wa namna hii yapo, na ni mema. Alifundisha mabinti wengi kazi ya nyumba ya wageni, na baadhi yao leo wameajiriwa kwenye hoteli kubwa. Hakuwahi kupoteza hata kijiko. Mgeni aliyeugua malaria alimkeshea kama mwanawe. Alimzika mumewe, aliyekuwa seremala wetu hapa hapa misheni, siku ya Jumamosi, na Jumatatu tukamkuta kazini akipiga pasi, tukamrudisha nyumbani kwa nguvu. Mwanawe ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mjukuu wake wa kwanza alizaliwa katika wadi ile, mikononi mwa mkunga mkuu, bibi yake akiwa nje ya dirisha anatoa maagizo yasiyohitajika.

Mjukuu wa pili anatarajiwa mwezi wa kumi na moja. Mkunga mkuu atakuwa ameshahamia kwa dada yake. Kwa hiyo mpango wa kustaafu wa Mama Karibu ni mfupi: mwezi ujao anamchukua mkwe wake, wanakwenda mjini kupanga chumba karibu na hospitali, na watakaa huko mpaka mtoto apatikane. Ukimuuliza baada ya hapo itakuwaje, anasema Mungu ndiye anayejua. Moyo wake ulipokuwa mzima hakuwa akijibu hivyo. Alikuwa na mpango wa kila kitu, mpaka wa mvua.

Wiki iliyopita Bwana Twiga alipiga simu kumpongeza. Mchungaji alikuwepo akitafsiri, nami nilikuwepo kwa umbea. Mama Karibu alimshukuru, akamuulizia mke wake na mguu wake unaomsumbua, kisha akasema ana ombi moja. Kule kwa wale watu wapya, alisema, msipeleke tarehe. Fikeni tu. Fikeni asubuhi, nendeni moja kwa moja kwenye wagonjwa, na wakiwaambia mpite kwanza sebuleni, kataeni. Kule upande wa pili mzee alicheka, kisha akaahidi. Sijui kama ataweza. Wale nao wana Mama Karibu wao, na mwanamke wa namna hiyo atasikia tu kwamba kuna wageni njiani, na atatafuta ngazi.

Mama Karibu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa misheni, walio kazini na waliokwisha ondoka, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa mikono yako, na kwa asubuhi ile uliposema kweli peke yako kwa niaba yetu sote. Mungu akupe uzee wenye utulivu, akuoneshe mjukuu wako akiwa mzima na mama yake akiwa mzima, na akuondolee huo mzigo ambao si wako peke yako. Ukisharudi kutoka mjini tutakuja kukuona, wala hatutakuambia siku. Ukitusikia mlangoni, Mama, usitandike kitu.