Dirisha la Ndinda

Benchi la Kagure pale steji ya Migwani lina miguu mitatu na jiwe moja, na anayekalia upande wa jiwe lazima abishane pole pole asije akaangusha wenzake. Asubuhi hiyo upande huo ulikuwa wa Susu Katunge, na yeye ndiye aliyekuwa ananunua. Aliwaagizia wote kahawa ya tangawizi, kikombe cha pili kabla ya cha kwanza kuisha, kwa sababu mjukuu wake Kalunde, wa miaka sita, alikuwa ametoka hospitali Nairobi Jumanne akitembea kwa miguu yake, baada ya siku tisa za kupumulia mashine. Mbele ya Susu lilisimama gunia la kungoja basi, zawadi ya shukrani kwa binti yake Ndinda, mama wa mtoto. Juu lilikuwa na mbaazi mbichi, chini makaa ya mgunga, maana kaunti imekataza makaa kutoka Kitui, na kila mtu pale steji alijua jinsi ya kutojua.

— Kunyweni, watu wangu, alisema Katunge. Hiyo si kahawa, hiyo ni ni-muvea, asante kwa Ngai. Mungu angeweza kumchukua, na hakumchukua.

— Ni-muvea, alijibu Nzau. Huyu walimwita Daktari wa Geti, kwa sababu alilinda lango la hospitali moja Nairobi miaka kumi na miwili na akarudi nyumbani na magonjwa yote kichwani. Lakini Susu, aliendelea, hicho kifua ni hewa. Mimi niliwaona pale getini. Mvua ikinyesha wiki nzima, watoto wa kukohoa wanapungua. Jua likiwaka na magari yasimame kwa jam, wanajaa mpaka nje. Kuna vumbi ya moshi, ndogo hata macho haioni. Inapita puani bila kupiga hodi, inashuka kifuani, inaingia kwa damu.

— Kwa damu inatafuta nini? aliuliza Kagure, akisuuza vikombe kwenye ndoo. Huyu ni mama wa Nyeri aliyeolewa hapa, na kahawa yake ina wateja kuliko kanisa.

— Ikifika ndani, inajua mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali umeiweka kichwa chini miguu juu, alisema Mutie. Huyu walimwita Satelaiti. Habari ya Nairobi inamfikia kabla ya wenye Nairobi. Niwaambie ukweli, alisema. Hewa ya Nairobi ni mitumba. Wewe huku unavuta hewa mpya, haijavaliwa na mtu. Kule imevaliwa na milioni kadhaa kabla ikufikie. Yule wa gorofa ya kumi anachagua kamera, ile safi ya kwanza kutoka kwa bale, Ndinda wa gorofa ya chini anapata ile imebaki kwa sakafu.

Katunge alicheka mpaka kahawa ikamrukia leso. Siku tisa hakuwa amecheka.

— Hata wale korongo wa kando ya barabara siku hizi wanakohoa, aliendelea Mutie alipoona anapendwa. Na kwa nini Wanairobi wanatembea mbio? Wanaikimbia hewa ya nyuma isiwapate kabla hawajafika kazini.

— Na ndiyo inawangoja kazini! alisema Nzau. Maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ni moja tu, Susu. Funga dirisha.

— Funga! alisema Mutie. Kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, hao wawili walikubaliana.

— Nimeshamwambia Ndinda, alisema Katunge, akapigapiga gunia kama anayempapasa ng'ombe. Afunge kabisa. Na hospitali wamesema mtoto asipigwe na baridi, kwa hivyo haya makaa ni ya kumpashia joto usiku na mchana. Mungu akinipa uzima, kila mwezi nitamtumia.

Hapo ndipo alipofika Ndeti, mrina asali wa upande wa Nzeluni, mtu asiyekaa kijiweni kamwe. Alikuja kununua kahawa ya kwenda nayo, ananukia moshi wa usiku. Alisimama akasikiliza, kikombe mkononi.

— Susu, samahani, alisema. Mimi nikipuliza moshi kwa mzinga lazima niache tundu. Nikiziba kote, nyuki wanalala na hawaamki. Sasa hicho chumba, dirisha likifungwa, moshi wa haya makaa unatokea wapi?

 

— Mlango? alisema Kagure.

— Mlango pia anafunga, kwa sababu ya baridi, alisema Katunge, na sauti yake ikawa ndogo.

Alitoa kabambe yake kifuani akampigia Ndinda. Ile simu haijui kunong'ona. Benchi lote lilisikia.

— Dirisha liko namna gani, mwanangu?

— Nimelifunga vile uliniambia, mwaitu. Nimepigilia blanketi kwa misumari. Hata saa hii jiko nimeliwasha hapa ndani, karibu na kitanda.

— Toa hilo jiko nje! Toa saa hii! Fungua dirisha.

Walisikia misumari ikitoka mmoja mmoja. Kisha mji wote ukaingia ndani ya simu: honi, lori linalopanda mlima, mtu akifoka. Ndinda alikohoa.

— Jiko nimelitoa, dirisha nimefungua. Lakini mwaitu, wanachoma taka hapo nje. Wanachoma kila asubuhi.

Kukawa na purukushani, na sauti ndogo ikachukua simu.

— Susu? Ndani kuna moshi ya jiko. Nje kuna moshi ya taka. Sasa mimi nipumulie wapi?

 Daktari wa Geti alivua kofia. 

Katunge alimsikia marehemu mama yake, kama amekaa hapo hapo benchini akichambua mbaazi: Ukirudishiwa kitu na Mungu, usikiweke tena pale kilipopotelea.

— Utapumulia kwa susu, alisema. Na jikoni kwangu hutakanyaga, uji nitakupikia nje uani. Mwambie mama apange nguo zako na ile dawa yako ya kuvuta, yote, na karatasi za kliniki.

Alizima simu. Alilipindua gunia, akatenga mbaazi kwenye leso yake, na makaa yote akayasukumia upande wa Kagure.

— Haya pikia watu hapa nje, ambapo upepo ni wa bure. Na wewe Ndeti, Ngai akubariki, wewe na nyuki zako na mama aliyekuzaa. Ungepita kesho, ningekuwa nimeshalituma hilo gunia.

Basi la Nairobi lilipiga honi. Nzau na Mutie walikuwa wanapekua mifuko yao kumtafutia nauli bila kuulizwa, huku wakibishana Susu akae upande gani usio na jua. Utingo akaruka chini.

— Susu, mzigo wa leo uko wapi?

— Mzigo ni mimi, alisema Katunge, akishika chuma cha mlango. Na kesho unihifadhie viti viwili vya kurudi.