Salamu za Juu ya Milingoti

Kwenye basi la bandarini nilijifanya nimelala, kama ilivyo desturi yetu wanafunzi wa bweni tukitaka kusikiliza ya watu. Mbele yangu mama mmoja alimgeukia fundi cherehani mwenye utepe shingoni. "Kaka, jeshi lina meli za injini. Mwanangu anafundishwa matanga ya nini?"

"Ili aujue upepo, dada."

"Upepo hata nyumbani upo! Eti leo watatusalimu wamesimama juu ya milingoti. Huyu akipanda kiti tu hutapika."

"Basi watamwacha chini."

"Akiachwa chini si atafukuzwa?"

Fundi akakuna kichwa. Mimi pia nikakuna changu, usingizini.

Basi likasimama. Meli ilikuwa inaingia, vijana wa sare nyeupe wamesimama juu ya milingoti na chini kwenye sitaha. Mama akawapungia wa juu, kisha wa chini, asijue amwombee mwanawe awe wapi.