Mama Anisia Anaiacha Chungu Chepesi Jikoni

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mama Anisia Ntirandekura anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Chungu Chepesi kwa miaka kumi na sita. Kesho ni sikukuu ya uhuru, kwa hiyo siku yake ya kwanza ya mapumziko nchi nzima itapumzika pamoja naye. Sisi tunaomfahamu tunasema ni afadhali hivyo, maana peke yake asingeweza.

Alizaliwa Ryansoro, karibu na mji wa Gitega hapa Burundi, mwaka 1965. Akiwa na miaka saba alivuka mpaka kama mkimbizi akishikwa mkono na shangazi yake, akakulia Ulyankulu, Tanzania. Huko alisoma, akaolewa na Thomas, mkulima mwenzake, na baada ya kungoja miaka mingi wakajaliwa mtoto mmoja, Upendo. Walirudi Burundi mwaka 2008. Upendo alikuwa na miaka mitano.

Ulyankulu kulikuwa na msitu, na kuni hazikuwa jambo la kufikiria. Ryansoro vilima vilikuwa vitupu. Mama Anisia aliona majirani wakiwapa watoto maharage yaliyoiva nusu kwa sababu kuni zimekwisha kabla chungu hakijaivisha. Ndipo akapata wazo ambalo leo linatulisha sote: maharage yapikwe mengi kwa pamoja, yakaushwe, na mama nyumbani ahitaji maji ya moto tu na robo saa.

Alijaribu uani kwake. Mawingu ya Gitega hayakumwonea huruma. Maharage yakaota ukungu. Amisa, rafiki yake aliyekuwa akiuza vitenge Muyinga, akamwambia kwao jua lipo na ua wa familia ni mpana. Hivyo mwaka 2009 Mama Anisia akapanda basi kwenda Muyinga. Alikubaliana na Thomas kwamba angekaa huko miezi sita.

Alikaa miaka sita.

Mwanzoni mambo yalikuwa ya kuchekesha kuliko kutia moyo. Maharage ya kwanza yalitoka magumu hata mama yake Amisa akayageuza mkononi na kuuliza, "Hii iko maharage ao iko mawe?" Amisa alifunga kibanda chake cha vitenge ili wawe wawili jikoni. Nguo zake zote zikanuka moshi. Mchumba mmoja wa heshima alimtaka achague kati yake na masufuria. Amisa husimulia mwenyewe bila kuombwa: "Bon, mi nilichagua masufuria. Sufuria haiulize we unatoka wapi."

Huko Ryansoro, Thomas alibaki na shamba, ng'ombe wawili na mtoto. Alijifunza kusuka nywele. Kilimani kwao wanaume hawasuki, na watu walicheka. Yeye akakitoa kigoda na kumsukia binti yake kando ya barabara, ili atakayecheka acheke mara moja yaishe. Mama Anisia alirudi nyumbani kila Jumamosi ya pili, akaondoka Jumapili. Muyinga nzima ilimwita Mama Upendo, na Upendo mwenyewe alimwona siku tatu au nne kwa mwezi.

Mimi, Riziki, niliajiriwa mwaka 2012, kwa hiyo ninachokieleza sasa nilikiona.

Mwaka 2014 shule moja ya bweni ilituagiza maharage mengi kuliko tuliyowahi kupika. Wiki hiyohiyo, Jumapili, Upendo alikuwa anapata kipaimara. Mama Anisia alikuwa ameshamnunulia viatu vyeupe, akavitanguliza kwa dereva wa basi, naye angefuata Jumamosi. Mvua ikaanza Jumatano. Tuliyaanua maharage, tukayaanika, tukayaanua tena, mpaka tukapoteza hesabu. Jumamosi asubuhi, begi lake likiwa mlangoni, alifungua gunia moja akanusa. Yalikuwa yamechacha.

"We enda kwa mtoto," Amisa alimwambia. "Mi na Riziki tutapika mengine. Iko kazi tu, tunaijua."

Mama Anisia alisimama kidogo akitazama barabara. Kisha akafunga kitenge chake kiunoni, akaanza kumwaga maharage yaliyoharibika shimoni. Basi likaondoka. Tulipika mchana ule na kesho yake. Jumapili jua likatoka, na karibu na adhuhuri, mwiko ukiwa mkononi, alisema, "Saa hizi wanatoka kanisani." Jumatano mzigo ulifika shuleni, wanafunzi wakala, na shule ile ni mteja wetu hadi leo.

Tuliisimulia hadithi hii miaka mingi kama ya shujaa. Mwaka 2019, kwenye kikao cha wafanyakazi wapya, niliisimulia tena kwa mbwembwe zote. Mama Anisia akainuka kwenye kiti chake.

"Riziki, usiwaambie hivyo," alisema. "Nilikosea. Amisa alijua kupika na wewe ulijua kukoroga. Sikuwaamini, basi. Kampuni haikunitaka siku ile. Mtoto ndiye alinitaka."

Nadhani sijawahi kumheshimu kama siku hiyo.

Wiki hiyo alitundika ukutani kalenda kubwa, moja kiwandani hapa Gitega na moja Muyinga. Kila mfanyakazi huandika humo siku zake: ubatizo, Idi, harusi ya mdogo wake, siku mtoto anapokea ripoti ya shule. Ukiandika, huji kazini, hata kama masufuria yote yanachemka. Mwaka juzi alinikuta hapa siku niliyoiandika kwa ajili ya mama yangu mzazi. Alininyang'anya kofia ya kazi na kunisindikiza mpaka getini.

Lakini nimetangulia mbele. Baada ya kipaimara, Mama Anisia alipofika nyumbani, Upendo hakulia wala hakugomba. Alimletea kiti. Akamletea maji ya kunawa. Akamuuliza habari za safari na kama atakaa sana. Alimpokea kama mgeni, vizuri kabisa, na Mama Anisia ameniambia kwamba ilikuwa heri mtoto angempigia kelele.

Aliporudi Muyinga alituambia anataka kiwanda cha pili Gitega, mahali anapoweza kwenda asubuhi na kurudi Ryansoro jioni. Tulimkumbusha kwamba Gitega ndiko maharage yalikoota ukungu. Alisema anajua. Alisema pia kwamba jambo lisipowezekana, atarudi nyumbani hivyohivyo na Amisa ataendesha kampuni. Wakati huo kampuni bila yeye hatukuweza hata kuiota. Kwa karibu mwaka mzima Houssein, kaka yake Amisa, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, aliunda na kubomoa tanuri za kukaushia kwa hewa ya moto. Ya kwanza iliunguza. Ya pili ilikausha nje ikaacha ndani mbichi. Ya nne ndiyo hii iliyo nyuma ya ukumbi huu. Wageni wakiuliza kwa nini kiwanda kikubwa cha kukaushia kiko mji wenye mawingu, huwa tunataja soko na barabara. Ukweli ni kwamba kilijengwa kwa sababu ya binti wa miaka kumi na mmoja.

Leo tuko wafanyakazi arobaini na watatu. Maharage yetu yanapikwa majumbani Gishubi, yanauzwa soko la Gashoho, na wanawake wengi huko hawalijui jina la kampuni, wanaomba "yale ya Mama Upendo." Upendo anasomea uuguzi hapa Gitega. Nilipomwomba neno la kuweka kwenye wasifu huu, alifikiri kwanza. "Sikumsamehe kwa siku moja," alisema. "Nilikuwa namsamehe kila aliporudi jioni."

Uongozi ulimwomba Mama Anisia abaki miaka miwili zaidi kama mshauri. Alikataa kwa upole. Alhamisi iliyopita, siku yake ya mwisho jikoni, Thomas, Baba Upendo, alikuja kumchukua, na ndipo tulipogundua kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia kiwandani. Daima mtu alihitajika kubaki na ng'ombe. Alivaa kofia nyeupe, akazunguka kila chumba, akala bakuli zima la maharage amesimama.

"Mazuri," alisema. "Ya kwangu yanayazidi kidogo."

Kisha akamtazama mkewe. "Umemaliza?"

Masufuria manane yalikuwa motoni, na mzigo wa Muyinga ulikuwa bado. Mama Anisia aliyatazama, akatutazama sisi, akavua aproni yake.

"Nimemaliza," alisema, wakaondoka.

Yale maharage yaliiva vizuri, Mama Upendo, na mzigo ulifika. Asante kwa kutufundisha kazi, na asante zaidi kwa kutuambia ukweli kuhusu gharama yake. Tunakuombea wewe na Baba Upendo jioni nyingi mkiwa pamoja.

Riziki
Idara ya Ufungashaji, Gitega