Bibi Sogea, Aliyemtafutia Kila Mtu Pa Kukaa

Bibi yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bibi Sogea, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yake. Alikuwa wa sita kati ya watoto tisa. Wote walilala mkeka mmoja. Alitusimulia kwamba mmoja akigeuka wote wanageuka, la sivyo wa mwisho anaamkia mlangoni. Mjukuu wake mmoja asiyejua kunyamaza alimuuliza yeye alikuwa akilala wapi. "Wa sita hana ukuta wala mlango," alijibu. "Nilikuwa katikati, nasukumwa huku na huku. Mimi kusogea nimezaliwa nako."

Alianza shule mwaka 1959. Madawati yalikuwa machache, watoto wanne wakakaa pa wawili, na yeye kwa wembamba wake aliwekwa pembeni. Babu alitaka sentensi inayofuata iondolewe, lakini ni maneno ya marehemu mwenyewe: "Nimesoma miaka saba kwa tako moja." Mtihani wa mwisho alifaulu. Ila mwaka huohuo wa 1965 baba yake alianguka kutoka juu ya tanuri la matofali, akavunjika nyonga, na mabinti wakubwa wakatafutiwa kazi. Mwalimu alikuja nyumbani kumpongeza akamkuta anafua nguo za watu.

Mwaka 1967 aliajiriwa jikoni katika hospitali, kwanza kusugua masufuria, baadaye kupika. Huko ndiko alikokutana na Babu, fundi seremala aliyeletwa kurekebisha mlango wa stoo. Mlango ulimalizika asubuhi, lakini fundi alibaki na kikombe cha chai mpaka saa za kutoka kazini.

"Kaka, hiyo chai unainywa au unaiposa?" Bibi alimuuliza.

"Naanza na chai," Babu akasema. "Nikikubaliwa, nitaendelea."

Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa watoto wanne. Babu anasema katika miaka yote hiyo hawakuwahi kulala na hasira. Bibi alisema waliwahi, ila Babu alikuwa amesinzia hakujua.

Mwezi Juni 1984 alifungua hoteli yake ya chakula, katika chumba kilichokuwa cha fundi viatu, mlango wa tatu kutoka kona. Kilikuwa chembamba kama korido. Ukiweka jiko, kabati la vyombo na meza moja, wanabaki kuenea watu sita, tena wasiwe wanene. Kwa hiyo Babu alitengeneza mabenchi mawili marefu na meza za kwenda nayo, akayaweka nje, kwenye njia ya waendao kwa miguu, chini ya turubai la bluu. Hapo ndipo hoteli yenyewe ilipokuwa. Ndani palikuwa jiko tu.

Alikuwa na sheria moja. Mtu hali peke yake. Ukija, hata benchi likiwa limejaa, yeye husimama mlangoni na birika lake na kusema, "Sogea, mwenzio akae," na benchi zima linajibana kama abiria. Siku moja bwana mmoja aliyevaa tai alimwambia, "Mama, mimi naomba meza yangu peke yangu."

"Meza yako iko kwako, baba. Hii ni yetu. Sogea."

Alisogea. Aliyekaa karibu naye alikuwa msukuma mkokoteni. Baadaye yule bwana ndiye aliyemtafutia mtoto wa msukuma mkokoteni nafasi ya kujifunza uchapaji, na leo ratiba hii mliyoshika mkononi imechapwa na kijana huyo. Pale walipatana watu waliokuwa hawasalimiani, na baba yetu mdogo alipata mke. Yeye mwenyewe hakukaa hata siku moja. Alisema mwenye hoteli akikaa, chai inapoa.

Mwaka 2021 walikuja maofisa wa manispaa. Walisema kuna malalamiko kwamba mabenchi yamefunga njia. Walichora mstari mweupe chini na kusema meza zisiuvuke. Babu alipima, akaona meza zinavuka, akachukua msumeno akazipasua zote kwa urefu. Zikabaki nusu. Wateja wakawa wanakaa upande mmoja tu, wanatazama ukuta kama darasa lililopewa adhabu, na sahani ya wali ukiisukuma kidogo inadondoka. Maofisa waliporudi waliangalia sana.

"Meza haijavuka, mzee," mkubwa wao alisema. "Yaliyovuka ni magoti, na hilo benchi lililoyabeba."

"Afande, magoti haya nimetoka nayo nyumbani," mteja mmoja alisema.

"Basi rudi nayo."

Tulicheka, lakini haikuwa ya kucheka. Ilijulikana upesi nani alikuwa amelalamika. Ni mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa amepanga nyuma ya duka la vifungo, mwenye binti anayetumia kiti cha magurudumu. Watu waliacha kumpelekea nguo. Nyumbani kwetu nako alisemwa vibaya, na Bibi alikuwa mmoja wa waliosema. "Si angekuja kwangu tukaongea? Kwani mimi nang'ata?"

Kilichobadilisha mambo Bibi alikiona kwa macho yake, msimu wa mvua uliofuata. Barabara ilikuwa imejaa maji ya tope. Yule mama alikuwa anakuja na binti yake kutoka shuleni, akafika kwenye mabenchi, akasimama. Bibi akamwona. Akasema kama alivyosema siku zote, "Sogeeni, watu wapite."

Wakasogea. Benchi zima lilijibana vizuri, mpaka wa mwisho akashikilia nguzo ya turubai. Ikatokea nafasi nzuri ya mtu kukaa. Ya kupita haikuwepo. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu kwa Bibi Sogea watu walikuwa hawajawahi kuambiwa wainuke. Wote waliona wametenda wema, na mmoja alimwonyesha yule mtoto nafasi ile kwa mkono, akae, mtoto ambaye kiti anacho tayari.

Yule mama aligeuza kiti, akakishusha barabarani kwa nyuma, gurudumu moja baada ya lingine. Gari likapiga honi, likapita, na mtoto akalowa tope kuanzia magotini mpaka kwenye begi la shule. Bibi alisema mtoto hakulia. Alifuta daftari lake kwa kiganja, kama mtu aliyezoea.

Bibi aliweka birika chini. Akamwambia Babu, "Ingiza mabenchi."

"Na wateja?"

"Wanaoenea waingie."

Walioenea walikuwa sita. Wengine walibeba sahani zao mkononi siku hiyo, na kesho yake hawakurudi, maana mtu hawezi kula amesimama kila siku. Alijaribu kwa miezi kadhaa. Alipika kidogo, kikabaki. Tarehe 30 Aprili 2022 alizima jiko, akalikunja turubai yeye mwenyewe, na hoteli ikafungwa. Watoto wake walimwambia akate rufaa manispaa. Alikataa.

Baada ya hapo alikuwa na haja moja tu, kumwona yule fundi cherehani. Alikwenda mpaka nyuma ya duka la vifungo akakuta chumba kina mpangaji mwingine. Walikuwa wamehama kwa kukosa kazi, na aliyewakosesha kazi ni sisi tuliokaa kwenye benchi. Aliuliza mafundi wengine, aliuliza shuleni kwa mtoto. Hakumpata. Hilo lilimuuma kuliko kufungwa kwa hoteli.

Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka, na akamwamuru akae. "Nikae wapi, mwanangu?" Bibi alimuuliza, akionyesha watu waliobanana nje kwenye benchi la kusubiri. "Kila nikiangalia naona kuna mwenye haja kuliko mimi." Tangu Mei 2024 hakutoka tena kitandani. Alihudumiwa na Babu pamoja na shangazi zetu, ambao aliwakosoa chumvi mpaka wiki ya mwisho.

Siku chache kabla hajafariki alituita. Yule mjukuu asiyejua kunyamaza alimuuliza kama bado ana hasira juu ya hoteli. Alisema, "Hasira ya nini? Yule mama alikuwa na haki. Sikumwona, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa namwangalia anayetaka kukaa. Mwenye kupita sikumjua." Kisha akamgeukia Babu. "Siku yangu watu watakuwa wengi. Viti usivibananishe. Acha njia katikati, gurudumu lipite. Na mlitamke hilo mbele ya watu, maana tulimsema mbele ya watu."

Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Agosti 2024, alasiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Babu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ndiyo maana leo viti vimepangwa hivi. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini tumeacha uwazi mkubwa namna hii na watu wamesimama juani. Babu aliupima mwenyewe kwa futi yake ya useremala. Tumetuma ujumbe kwa yule mama kupitia watu wa duka la vifungo, na wakati haya yanaandikwa hatujui kama umemfikia. Kama umefika, mama, na kama uko hapa na binti yako, Bibi alituagiza tukuambie kwamba njia ilikuwa yenu. Sisi familia tunaomba radhi. Na kama hukuja, uwazi huu utabaki hivyo mpaka mwisho wa mazishi.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wakwe, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja anayetambaa, na dada yake mdogo, yule wa tisa aliyekuwa akilala mlangoni. Ameacha pia mabenchi mawili. Moja ndilo wanalokalia wazee hapo mbele.

Bibi, jiko limezimwa na chai haitapoa. Kaa sasa. Sisi tumeshasogea, na njia tumeiacha. Pumzika kwa amani.