Shuka Hukunjwa na Wawili

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, Mama Pembe anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa, lakini ukiliita katika korido zetu hakuna atakayegeuka, pengine hata yeye mwenyewe.

Jina la utani alipewa na mafundi wa mashine mwaka wake wa kwanza. Shuka hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe mbili, mnalinyoosha, kisha mnasogeleana hadi mikono ikutane. Wengi wetu tulikunja bora liende. Yeye alisisitiza pembe kwa pembe, na zisipolingana mnarudi nyuma kuanza upya, hata kama kengele ya chakula imeshalia. Mwandishi wa wasifu huu, aliyeshika upande wa pili kwa miaka kumi na tisa, amekula chakula kilichopoa mara nyingi mno.

Alianza kwa kufua kwa mikono, akawa mwendesha mashine, kisha kiongozi wa zamu. Mashine zote mbili zilipoharibika kwa mpigo, alituongoza kurudi kwenye mabeseni kwa siku kumi na moja. Vidole vilituchubuka na manung'uniko yakawa mengi, ila hakuna mgonjwa aliyelala juu ya godoro tupu.

Halafu kuna midomo yake. Kabla ya mkunjo wa mwisho wa kila shuka, midomo ilicheza. Tulidhani anahesabu, kumbe anamwombea atakayelilalia. Alieleza mara moja tu kwamba yeye hamjui mgonjwa wala maradhi yake, lakini Mungu anajua shuka hilo linakwenda kitanda gani. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Aliyelalamika kwamba hapati nafasi ya kusali, alimwuliza kama nyumbani kwake hakuna vyombo vya kuosha.

Mwaka jana, wodi namba tatu ilituletea malalamiko: mgonjwa mmoja ametandikiwa shuka la maua ya manjano, na jirani zake wanataka kujua wao wamekosa nini. Nguo za nyumbani haziruhusiwi kwenye chumba cha kufulia, na haikuchukua muda kujulikana kwamba shuka lilikuwa la Mama Pembe. Maneno yakaanza. Tulisema anabana sabuni yake, anafulia ya hospitali. Mwandishi naye alisema, tena kwa sauti.

Msimamizi alipomwita mbele yetu, alijibu bila kuinua macho. Shuka lilikuwa limeshafuliwa nyumbani, likakauka, akaja nalo kwenye mfuko. Alichotaka ni mtu wa kushika upande wa pili. Kwa miaka mitano alikuwa akichomeka mashuka yake meupe kwenye rundo letu, yanakunjwa, anarudi nayo. Siku ile jeupe halikuwa limekauka, akaja na la maua, nalo likachukuliwa na toroli kabla hajaliwahi. Mwandishi alilishika kwa mikono yake miwili huku akipiga soga za mashemeji zake, maua yenyewe asiyaone.

Ndipo tukasikia mengine. Mumewe alipofariki, watoto wakiwa wameshahamia mbali, alikaa miezi akila kwa kusimama, ndani ya sufuria, ili asione sahani moja peke yake kwenye karo. Sala pia ilimkauka. Asubuhi moja akajilazimisha kuosha sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, polepole, na alipofika kwenye kijiko akajikuta anashukuru. Toka siku ile anafagia na kupiga deki kama mwenye mgeni mlangoni. Mgeni hatokei, lakini akiwa na ufagio mkononi haoni kama yuko peke yake. Kazi iliyomshinda ni moja: kukunja shuka akiwa peke yake. Amefunga shuka kwenye kitasa cha mlango, amelibana kwa kidevu. Na ukibana shuka kwa kidevu, midomo haifunguki kuombea mtu.

Msimamizi hakuandika barua ya onyo. Alishika pembe mbili za lile shuka la maua, na Mama Pembe akamrudisha nyuma mara tatu mpaka zikalingana.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila shuka, na kwa kila jina usilolijua uliloliombea. Kamati imekununulia kabati la nguo, zuri kweli, mtaliona baada ya hotuba. Kabati halikunji.

Niache sasa kujiita mwandishi. Jumatatu nitasimama na shuka mkononi na mbele yangu hakuna mtu, na sijui nitamtazama nani. Nyumbani kwangu pia kuna sahani moja, Mama, ila sikuwahi kukwambia, nilikuwa nakusimulia mashemeji ambao hawajanitembelea tangu nilipobaki mwenyewe.

Maisha yako ya nyumbani yawe mema. Kesho Jumamosi ukishaanua, usikunje. Nakuja na mashuka yangu mawili, unishikie upande wako, nami nishike wangu.