Ubeti wa Kila Mama Aliyezuiwa

"Ile wodi nitaifungua kwa gitaa, tena bovu!" Marehemu shangazi yetu aliyasema hayo redioni, mtangazaji akacheka hadi akakohoa. Sisi wa nyumbani hatukucheka. Gitaa lilikuwa bovu kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi bomba. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Chuo cha ushonaji alikiacha katikati, wa kwanza katika ukoo huu kufanya hivyo, wala si wa mwisho. Siku za kazi alishona sare za shule. Mwisho wa wiki alipiga gitaa kwenye kumbi za harusi. Ukumbini ndiko alikompata mume, fundi wa spika. Walifunga ndoa tarehe 6 Novemba 1982. "Aliniambia nipunguze sauti," alipenda kusimulia. "Nikaona huyu lazima nimwoe mwenyewe, nimfundishe adabu."

Mwaka 1984 alijifungua binti yake. Bili ya hospitali ikawashinda, akazuiwa wodini zaidi ya mwezi, akilala sakafuni na kichanga chake pamoja na wazazi wenzake waliozuiwa. Humo ndimo alimotungia wimbo wake. Kila mama aliyezuiwa alikuwa na ubeti wake, na ubeti haukuondolewa mpaka mwenyewe aende nyumbani. Alipotoka, aliuimba kila Jumapili nje ya geti. Wapita njia walichanga, na kinamama wakatoka mmoja mmoja.

Siku ya kuzindua jengo jipya, mganga mkuu alimwalika kutumbuiza, akamnong'oneza: "Mama, tuimbie kifupi. Mgeni rasmi ana haraka."

"Ufupi wake uko mikononi mwako, baba."

Mgeni rasmi alisimama juani beti kumi na tisa. Jioni ile wote waliozuiwa waliruhusiwa. Wiki iliyofuata kibali chake cha kuimba kilifutwa, na kumbi za harusi zikaacha kumwita. Alibaki na cherehani. Alishona kwa hasira, ndiyo maana sare za mwaka ule hazikuchanika. Wodi ilipojaa tena, alirudi getini bila kibali.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa hospitali ileile. Muuguzi alipomsihi apumzishe sauti, alimjibu, "Mwanangu, nitanyamaza muda mrefu tu, usiniharakishe." Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka mmoja, na watu wazima wengi mjini humu waliotoka wodi ile wakiwa mgongoni mwa mama zao. Apumzike kwa amani, ingawa kukaa kimya hakukuwa tabia yake.

Tunawaomba radhi mliokuja kuzika Jumamosi iliyopita mkarudi. Bili bado haijaisha, na hospitali imekataa kutoa mwili. Chumba cha maiti kinatoza shilingi elfu mbili kwa siku.